96 bila, na bado nataka tuwe pale

Jumamosi ya mwisho ya Novemba 2025 Springboks, timu ya raga ya Afrika Kusini, wakawapiga Wales 73-0 pale pale kwao Cardiff, na kabla refa hajapuliza kipenga cha mwisho grupu yetu ya WhatsApp ilikua imeshapasuka katikati. Nusu wanacheka, wanatuma stika, wanauliza kama Wales walileta timu ama walileta kwaya. Nusu ingine wako na hasira, ati raga imeisha utamu, ati kila mwaka ni wale wale wanabeba kombe na wale wale wanabebeshwa pointi. Halafu jamaa mmoja fundi wa stima, mtu mpole sana ukikutana naye, akaandika kwa herufi kubwa kwamba timu ndogo zitolewe kabisa, zicheze zenyewe kwa zenyewe huko.

Timu ndogo. Wales! Hawa 2019 walikua nusu fainali ya Kombe la Dunia na Springboks hao hao wakatoka jasho kuwatoa 19-16.

Nilianza kumjibu nikaona jibu linakua refu kuliko simu, ndio maana niko hapa.

Mimi naonaga hivi: kichapo kikubwa kwenye raga huwa kimepangwa kitambo, miezi ama hata miaka kabla ya mechi, na watu walioketi ofisini wakiamua nani atacheza na nani, lini, na wachezaji gani wataruhusiwa kuja. Hiyo ya Cardiff yenyewe ilichezwa nje ya zile wiki ambazo klabu zinalazimika kuachilia wachezaji wa timu za taifa, kwa hivyo Wales wakakosa watu wao wote wanaolipwa na klabu za England na Ufaransa, na hii ni timu iliyokua imetoka kupoteza mechi 18 mfululizo mpaka ikawashinda Japani Julai mwaka huo huo. Springboks pia walikosa watu. Lakini Springboks wakikosa watu wanaita wengine na huoni tofauti.

Na kuna kitu watu wa mpira wa miguu hawakijui, ndio maana wakisikia 73 wanatuangalia kama tumerogwa. Kwenye kandanda ukifungwa mpira unawekwa katikati unapewa wewe, angalau unaugusa. Kwenye raga ya wachezaji 15 ukifungwa ni wewe unaupiga kuwapelekea waliokufunga. Yaani wamefunga trai (wameuweka mpira chini nyuma ya mstari wako), pointi 5, wamepiga konvasheni (teke la kupitisha mpira kati ya milingoti), 2 zingine juu yake, halafu unawarudishia mpira hewani, wanaudaka, wanaanza kuja tena. Kama skramu yako, pale mafowadi wanasukumana, inarudi nyuma na mpira wako wa kurushwa unaibiwa kila ukirushwa, unaweza kumaliza dakika 20 hujaushika isipokua ule wa kuupiga kwenda kwao. Raga ya wachezaji saba ni kinyume, aliyefunga ndiye anaupiga, kwa hivyo hata ukilemewa mpira unakufikia. Ongeza wachezaji wanane wa akiba. Timu kubwa inatoa mafowadi wazima dakika ya 50 na kuingiza wengine wenye nguvu ile ile (fainali ya 2023 Afrika Kusini waliweka mafowadi saba na beki mmoja tu kwenye benchi, watu wakaona ni wazimu), wakati timu ndogo ikibadilisha propu, yule wa mbele kwenye skramu, inaingiza kijana ambaye hajawahi kusukumana na mtu wa kilo 120 mbali na binamu yake. Ndio maana pointi nyingi za vichapo vikubwa zinakuja robo ya mwisho. Miguu imeisha.

Nimewahi kusimama chini ya milingoti ya goli, pale timu iliyofungwa trai hungojea konvasheni. Shuleni kwetu tulikua na timu ya raga kwa sababu mwalimu wa jiografia alipenda raga, hakukua na sababu ingine. Jezi hazikutosha, namba 8 alikua anavaa ya mpira wa miguu iliyogeuzwa ndani nje. Tukapelekwa kucheza na shule moja kubwa, zile za jina, na kufikia hafutaimu hakuna mtu alikua anahesabu tena isipokua mtoto wa form one aliyekua anageuza vibao vya namba, naye vibao vyake vilikua vya tarakimu mbili tu kwa hivyo alikua anaanza kuingiwa na wasiwasi. Unajua kitu kinachobaki kwa kichwa? Ile kusimama. Mmefungwa, mnarudi chini ya milingoti mnasimama mstari mmoja, mikono kiunoni, matope yamekauka kwa masikio, kapteni anasema "vichwa juu, vichwa juu" na sauti haitoki, fulubeki anauliza ni nani alikua anamkaba winga na kila mtu anaangalia kando kwa sababu hakuna aliyekua anamkaba winga. Mpira unapita juu yenu. Mnatembea hadi katikati, mnaupiga kwao, mnaanza tena. Winga mwenyewe, kijana mrefu wa miguu kama twiga, aliniinua mara mbili kutoka chini akiniambia "pole buda", na hiyo pole iliniuma kuliko trai zake zote.

Lakini tulikua tunacheza mechi ngapi kwa muhula? Tulicheza mwalimu akipata basi. Wao walikua wanacheza kila wikendi, na ligi ya ndani kwa ndani ya mabweni juu. Hakuna siri hapo.

Sasa nikisoma zile namba kubwa za historia siwezi kucheka sana. New Zealand 145, Japani 17, Bloemfontein 1995, Simon Culhane akicheza mechi yake ya kwanza ya taifa akamaliza na pointi 45 peke yake, Marc Ellis trai sita. Australia 142-0 Namibia, Adelaide 2003, trai 22, yaani karibu kila dakika nne mnasimama chini ya milingoti. Nje ya Kombe la Dunia kuna mbaya zaidi, Hong Kong waliwahi kuwapiga Singapore 164-13 mwaka 1994, Argentina wakawapiga Paraguay 152-0 mwaka 2002. Hizo mbili watu hawazikumbuki kwa sababu hakuna kamera nyingi zilikua pale.

Ile inayoniuma mimi haiko kwa hiyo orodha na haituhusu hata uwanjani, si sisi tuliochapwa. Antananarivo, Julai 2014.

Mashindano ya Afrika, timu nne, sisi Kenya, Namibia, Zimbabwe na wenyeji Madagascar, na mshindi anaenda moja kwa moja Kombe la Dunia la 2015 Uingereza. Kenya haijawahi kwenda, wanaume wa 15 hawajawahi hata mara moja. Na tulikua tumewapiga Namibia! 29-22, Namibia ambao walikua wameenda kila Kombe la Dunia tangu 1999. Tukawapiga Madagascar pia. Tunaingia siku ya mwisho hatujapoteza, kilichobaki ni Zimbabwe. Hapa Nairobi watu wanaanza kuulizana bei ya ndege ya kwenda London kama mchezo mchezo hivi lakini unaona mtu ameshafungua kalamu. Zimbabwe wakatupiga 28-10.

Sasa timu tatu zote zimeshinda mbili mbili na kupoteza moja, hesabu ikaanza. Namibia wakawakuta Madagascar, watu ambao hawakua na kitu chochote cha kupigania tena siku hiyo, wakawapiga 89-10. Tofauti ya pointi 79. Tiketi ikaenda Namibia, Zimbabwe wakapelekwa mchujo huko Urusi wakapoteza, na sisi tukarudi nyumbani na ushindi wetu dhidi ya waliofuzu mfukoni.

Kwa hivyo mtu akiniambia vichapo vikubwa havina maana, ni takwimu tu, mimi nakumbuka vile pointi walizofungwa Wamalagasi zilitufungia sisi mlango. Hata yule anayesema timu kubwa ingekua na huruma ipunguze mwendo dakika ya 60, muulize Namibia kama wangepunguza mwendo siku ile.

(Na wasidharauliwe. Walienda 2015 wakafunga trai dhidi ya New Zealand, halafu wakapoteza kwa Georgia 17-16. Pointi moja! Timu iliyoingia kwa mlango wa 89-10.)

Tangu hapo kila nikiona Namibia wanapigwa kwenye Kombe la Dunia nafanya hesabu ya kijinga kidogo. Julai 2022, Aix-en-Provence, fainali ya Afrika, Namibia 36, Kenya 0. Hawakutupa hata penalti. Septemba 2023, Marseille, Ufaransa 96, Namibia 0, ile mechi kapteni wa Ufaransa, Antoine Dupont, alivunjwa mfupa wa uso. Ukichukua 36 ukaongeza 96 unapata Ufaransa 132, Kenya 0, na ndio nikakuta jamaa ameandika hivyo hivyo mtandaoni kana kwamba ni kweli, ati hivyo ndivyo tungepigwa. Raga haijumlishwi hivyo. Lakini pia sitaki kujidanganya, Novemba 2018 tulikua hapo hapo Marseille kwa mchujo wa mwisho wa Kombe la Dunia la Japani na Kanada wakatufunga 65-19, na Kanada si Ufaransa.

Kati ya 36 na 96 kuna nini? Kuna mechi ambazo hazikuchezwa. Timu kama Kenya ama Namibia kati ya Kombe moja la Dunia na lingine inakutana na timu kubwa mara ngapi? Karibu hakuna. Unacheza Afrika, unapiga Uganda kwa Elgon Cup, lile kombe letu na wao, ama Uganda wanakupiga, unashukuru Mungu, unalala mwaka. Halafu unaamkia Ufaransa kwao, mbele ya watu elfu sitini na zaidi. Na mfumo wenyewe wa viwango vya World Rugby, shirikisho la raga duniani, hauwapi wakubwa sababu ya kuja: pengo la viwango likishazidi pointi 10, mkubwa akishinda hapati chochote, hata ashinde kwa mia. Akipoteza anaporomoka. Wewe ungekua kocha wao ungekuja Ngong Road kucheza na Simbas, timu yetu ya 15? Uje ule vumbi, ukimbie kwenye hewa nyepesi ya Nairobi, upate sufuri? Ungekaa kwenu.

Ushahidi wangu mkubwa uko hapa hapa nyumbani na unaitwa Shujaa, timu yetu ya raga ya saba. Ni Wakenya wale wale, wametoka shule zile zile, wengine klabu ni moja na wale wa 15. Tofauti ni kwamba timu ya saba kwa miaka mingi ilikua ndani ya mzunguko wa mashindano ya dunia, kila msimu wanakutana na Fiji, New Zealand, Afrika Kusini, wanapigwa Hong Kong wiki hii, wanapigwa tena wiki ijayo kwingine, wanajifunza. Aprili 2016, Singapore, fainali, Kenya 30, Fiji 7. Hebu isome tena hiyo. Fiji ambao miezi michache baadaye walichukua dhahabu ya Olimpiki, tuliwapiga 30-7 chini ya kocha marehemu Benjamin Ayimba, na mwezi uliofuata kule London Collins Injera wetu akawa mfungaji wa trai nyingi zaidi katika historia ya mzunguko. Kwa raga ya saba 30-7 ni kipigo cha aibu. Siku hiyo sikusikia Mkenya hata mmoja akisema Fiji watolewe.

Halafu 2023 Shujaa wakashushwa, Kanada 12-7 pale London, na msimu mmoja nje ya mzunguko ulitosha watu kuanza kushika vichwa. Walirudi mwaka uliofuata, asante, lakini mnaona vile ngazi yenyewe ni nyembamba.

Kwa wanawake pengo liko wazi zaidi na linasema ukweli zaidi, manake huko hakuna mtu anaweza kujificha nyuma ya maneno ya damu na vipaji. England waliwapa wanawake wao mikataba ya kulipwa raga ya 15 kazi ya siku nzima mwaka 2019. Kombe la Dunia la 2025 wakawapiga Samoa 92-3, na wengi wa hao Wasamoa wako na kazi zao za kawaida nyumbani, wanafanya mazoezi jioni. Unataka nini kitokee? Na bado, hao hao England waliingia fainali iliyochezwa Eden Park Novemba 2022 wakiwa wameshinda mechi 30 mfululizo wakapoteza 34-31. Lionesses wetu nao, timu ya wanawake ya Kenya, Agosti 2021, Nyayo, walipoteza 16-15 kwa Colombia, na nakuambia ukweli hiyo pointi moja imenisumbua kuliko vichapo vyote nilivyotaja. Kichapo kikubwa unalala. Pointi moja unaamka saa nane usiku unamkumbuka mpigaji.

Sasa hii habari ya makombe. Wanaume wamecheza Kombe la Dunia mara 10 na waliobeba ni nchi nne tu. Afrika Kusini 4, New Zealand 3, Australia 2, England 1. Bledisloe Cup, kombe la New Zealand na Australia, New Zealand wanaishikilia tangu 2003, kuna watoto Australia wamezaliwa, wamekua, wameoa, hawajawahi kuiona kwao. Ni kweli inachosha. Lakini angalia vile Springboks walibeba ile ya 2023: robo fainali 29-28, nusu fainali 16-15, fainali 12-11. Pointi moja, pointi moja, pointi moja. Kule juu wamebanana vibaya sana kwa sababu wanachapana kila mwaka, na hata wao kwa wao kunatokea maajabu, New Zealand waliwapiga Afrika Kusini 57-0 mwaka 2017, Afrika Kusini wakaja kulipiza kule Wellington 2025, 43-10, kipigo kikubwa zaidi All Blacks, yaani New Zealand hao, wamewahi kupata. Hakuna aliyesema All Blacks wapelekwe ligi ya chini. Hao wamekubaliwa kwamba wana haki ya kuwa na siku mbaya. Namibia hawana haki hiyo, wakiwa na siku mbaya inaundwa kamati.

Na sisi hapa tusijifanye watakatifu. Kuanzia 2016 hadi 2025 Kenya Cup, ligi yetu ya klabu, ilizunguka kati ya Kabras wa kampuni ya sukari na KCB wa benki, mara sukari, mara benki, na kuanzia 2022 hadi 2025 ikawa ni sukari tu. Sina neno nao, waliamua kuweka pesa na mpango kwa raga na wanavuna. Lakini ukienda kuwaona wakicheza na klabu inayoishi kwa michango ya wanachama, mpaka bili ya maji ya uwanja inajadiliwa kwa mkutano, utaona vichapo vya ajabu na hutahitaji pasipoti. Mzee mmoja aliyekua ameketi karibu nami siku kama hiyo, mtu wa kofia ya zamani ya klabu, alisema, "Hawa vijana wetu si wabaya, ni vile wametoka kazini." Ilikua Jumamosi saa kumi jioni na winga wetu kweli alifika na yunifomu ya kazi ndani ya begi.

Kuna watakaosema basi dawa iko, angalia Japani. Ndio, waliopigwa 145 mwaka 1995 ndio hao waliwapiga Springboks 34-32 kule Brighton 2015, halafu wakafika robo fainali kwao 2019. Lakini Japani walikua na makampuni makubwa yanaendesha timu tangu zamani, na wakapewa mechi, na wakapewa Kombe la Dunia lenyewe waandae. Mimi mfano wangu ni Ureno. 2007 New Zealand waliwapiga 108-13, na wakafunga trai moja wakashangilia kama wamechukua kombe, watu wakawacheka. Wakakaa miaka 16 hawajarudi. 2023 wakarudi, wakatoka sare na Georgia, wakawapiga Fiji 24-23. Ureno haina pesa ya Japani. Ila iko Ulaya, kila mwaka inacheza na Georgia, Romania, Uhispania, mechi ngumu ziko saa mbili tatu kwa ndege.

Wakubwa wenyewe sai wanajenga ukuta. Kuanzia 2026 kuna mashindano mapya ya nchi 12, zile sita za Ulaya na sita za kusini wakiwemo Japani na Fiji, na mlango wa kupanda hautafunguliwa hadi 2030. Wakati huo huo Kombe la Dunia la 2027 Australia limeongezwa timu kuwa 24. Yaani unaongeza viti mezani na unafunga jikoni. Mtaona vichapo, na wale wa herufi kubwa wataandika tena.

Kutoka Afrika, ukitoa Afrika Kusini, wataenda Zimbabwe, ambao mara ya mwisho walikua pale 1991. Julai 2025 kule Kampala walitutoa sisi nusu fainali, wakawapiga Namibia 30-28 fainali, na nyimbo zilizoimbwa uwanjani Namboole siku hiyo ungedhani wameshinda Kombe la Dunia lenyewe. Kuna jamaa alituma video yake akiwa huko, mashabiki wanalia, na chini yake mtu wetu mmoja wa hapa Nairobi akaandika ati wanashangilia tiketi ya kwenda kuchapwa mia.

Mimi hiyo mia naitaka. Ungenipa leo jioni, Kenya kwenye Kombe la Dunia, mechi ya kwanza tunapigwa 100 na timu yoyote utakayochagua wewe, ningesema weka sahihi hapa, halafu kesho asubuhi saa mbili ningekua kwa mlango wa sacco naulizia mkopo wa tiketi ya Perth.